Tangi Lililobaki kwa Mtani

Hasira zangu ziko puani, sikatai. Pale njia panda ya Nangurukuru, ninapotengeneza pikipiki, vijana wa bodaboda wananijua. Ukiniletea injini uliyoiendesha bila oili mpaka ikajifunga, halafu unaniambia eti imezima yenyewe tu, utaondoka na maneno ya kukutosha wewe na abiria wako. Mke wangu Hafsa husema Nassibu hutukana kwanza, salamu huja baadaye. Wateja hawaniachi kwa sababu kazi yangu haina longolongo, basi.

Sasa, pikipiki yenyewe. Marehemu baba yangu, Pazi, alikuwa fundi wa pampu za visima kwenye misheni ya Kipatimu. Sisi ni Waislamu, lakini pampu haiulizi dini, na mabruda walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Mmoja wao, Mzungu mrefu mwembamba, alikuja na pikipiki ndani ya sanduku la mbao: Yamaha ya miaka ya sabini, nyepesi, imenyanyuka juu, kiti chenyewe kiganja tu. Haikuundwa kwa mbio. Huko kwao kuna mchezo mtu anapanda nayo mawe na magogo, polepole kama anayetembea, na akiweka mguu chini amekosa. Mshindi si anayewahi kufika, mshindi ni yule ambaye mguu wake haukugusa ardhi.

Bruda alipomaliza muda wake akarudi Ulaya, pikipiki akamwachia baba. Na baba, kwenye milima yetu ya Matumbi ambako gari linalia na bodaboda inasukumwa, akaizoea kuliko mwenyewe. Nyuma ya nyumba yetu kuna mwinuko wa mawe unaokwenda kisimani, tunauita Ngazi. Watu wazima waliacha kupalilia ili wamtazame baba akiupanda, mfuko wa spana mgongoni, pikipiki inakohoa taratibu, viatu vyake juu muda wote. Mimi nilikuwa mtoto, na nilidhani baba za watu wote wanaweza.

Alifariki nikiwa kijana Dar es Salaam, najifunza ufundi. Nilifika maziko yamekwisha. Pikipiki ilikuwa mbovu wakati huo, injini ameishusha chini, vipande amevipanga juu ya gunia kwenye stoo ya mama, anangoja ringi za pistoni ambazo hazikupatikana. Ikabaki vile vile kwa miaka. Kila nikienda kumsalimia mama naichungulia, nasema nitaianza, halafu narudi Nangurukuru kwenye bodaboda za watu.

Mwaka huu mama akatoa tamko. Mama yangu, Mwanaheri, hapendi kurudia neno. Akasema korosho zikianza kuanguka anaitaka stoo yake. "Kitu hicho kitoke humo kwa magurudumu yake," akasema, "au kitoke mgongoni mwa watu wa vyuma chakavu. Mimi nimechoka kukiruka."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Lakini utamjibu nini mama yako ndani ya stoo yake? Na ukweli niuseme, baba hakuniachia picha ya maana, hakuniachia saa wala kofia. Vile vyuma juu ya gunia ndivyo vilikuwa baba yangu, kwa namna alivyovipanga mwenyewe kwa mkono wake. Kuviona vikitupwa kwenye lori la chakavu nisingeweza. Nikamwambia mama stoo yake ataipata.

Kutafuta vipuri vya pikipiki ya namna ile ni kazi ya kumtoa mtu akili. Nikipiga simu Kariakoo, nikitaja tu aina, mtu anacheka. Mmoja akaniuliza kama niko makumbusho. Nikamtukana, nikakata, nikakumbuka ni yeye peke yake mwenye ile mipira ya kuzuia oili isivuje kwenye injini, nikapiga tena kwa sauti ya upole. Alinitumia kwa basi, kwenye bahasha, na konda akaniletea mkononi akinitazama kama nimeagiza dawa ya kienyeji. Viatu vya breki nilichukua vya bodaboda ya Kichina, nikavipiga tupa mpaka vikakubali. Waya za krachi na breki nilitengeneza mwenyewe. Tairi zenye meno makubwa zilipatikana Lindi mjini. Gasketi nilikata kwa mkasi wa Hafsa, na ugomvi wa mkasi ule haujaisha hadi leo.

Pistoni ndiyo iliyonipeleka Rondo. Mteja mmoja aliniambia kuna bibi shamba mstaafu kule juu, anaitwa Scholastica, ana Yamaha DT ya zamani iliyolala. Kila fundi anajua kuwa injini ya DT na ile ya baba ni ndugu, vitu vyao vingi vinaazimana. Nikafunga safari. Nikamkuta mama wa watu amekaa barazani anachambua mbegu, na DT iko bandani, imegeuzwa kiota. Kuku ametaga juu ya kiti, mwingine kwenye tandiko la nyuma.

Scholastica ana ulimi kama wangu. Nikamwambia pikipiki yake imekufa. Akasema imelala, na mimi ndiye nitakayekufa nikiigusa. Tukaanza. Alinieleza alivyoizungukia Rondo nzima na pikipiki ile, mvua na jua, akifundisha watu kupulizia mikorosho. Nikamwambia basi ndiyo vizuri pistoni yake ipate kutembea tena, badala ya kulaliwa na kuku. Akaniuliza pikipiki yangu ilikuwa ya nani. Nilipomweleza habari za baba na Ngazi na miguu isiyogusa chini, akaenda mwenyewe kuwahamisha kuku. Nikaondoka na pistoni, silinda na kabureta, zimefungwa kwenye khanga yake, na onyo kwamba khanga irudi.

Baada ya hapo kila nikipata nafasi napanda Kipatimu. Mama anapita, ananiona nimelala chali chini ya fremu, anaendelea na kazi zake. Nilifurahi siku zile kuliko nilivyoonyesha. Mikono yangu ilikuwa inashika alipokuwa ameshika yeye, na mara nyingine nakuta nati amefunga kwa waya wa ziada, kwa tabia yake ya kutoamini nati peke yake, na mimi pia nafunga hivyo hivyo wala sikujua nilikotoa.

Kikabaki kitu kimoja, tangi la mafuta. Stoo yote niliipekua, halimo. Nikajaribu tangi la bodaboda, lakini fremu ya ile pikipiki ni nyembamba, tangi likakaa juu yake kama mama mjamzito aliyepanda baiskeli ya mtoto. Mwisho nikaning'iniza dumu la mafuta ya kupikia, nikachomeka mpira, nikapiga kiki. Ikawaka. Moshi wa bluu ukajaa uani, nami nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mama akatoka. Akaitazama pikipiki, akalitazama dumu.

"Hii ya nani?" akauliza.

Nikamwambia ya baba. Akasema baba yangu hakupanda dumu, na mikorosho imeshaanza kutoa maua. Nikapandwa na hasira, nikamuuliza kwa hiyo tangi nilitoe wapi, duniani hakuna tangi la pikipiki ile. Akanijibu bila kuinua sauti.

"Tangi lipo kwa mtani wenu. Alilichukua msibani. Mlikuwa mwende kulikomboa, hamkwenda."

Nikakaa chini pale pale. Ndipo mama akanieleza mambo ambayo hakuna aliyewahi kunieleza. Baba alikuwa na rafiki Mngindo, Haruna, anayelima Kiranjeranje. Wangindo ni watani wetu sisi Wamatumbi, na hao wawili waliushika utani wao kama watu wengine wanavyoshika ibada. Siku ya msiba, watu wameinamisha vichwa, Haruna akaingia stoo, akatoka na tangi ameliweka katikati ya mapaja. Akaanza kuzunguka uwanja, mdomo unalia kama injini, miguu anainyanyua juu ya mawe yasiyokuwepo, kiuno anakikunja kama marehemu mwenyewe. Kila akiyumba anapiga kelele kwamba mguu umegusa, mguu umegusa. Watu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakashikana. Mama mwenyewe alicheka akiwa ndani na wanawake. Kisha Haruna akashika njia na tangi lake, akitangaza kwamba watoto wa Pazi watalikuta kwake.

Ndiyo desturi, mtani akichukua kitu msibani, wafiwa humfuata wakakikomboa, na hapo ndipo msiba unapokwisha vizuri. Mama alikuwa kwenye eda, hakuweza kwenda. Sisi watoto hatukujua, naye akadhani tumejua tukapuuza, watu wa mjini. Akaona aibu kutukumbusha. "Nenda," akaniambia, "ukamwendee kama baba yako alivyokuwa akimwendea."

Sasa mimi nilielewaje? Nilielewa kwamba ni mzee, ni rafiki wa baba, ameshika kitu chetu miaka mingi, na tumemkosea. Nikasema hapa heshima itatangulia, na Nassibu wa njia panda atabaki nyumbani. Nikavaa kanzu nyeupe na kofia. Nikanunua sukari na majani ya chai. Hafsa aliniangalia nikitoka, akaniuliza ninakwenda kuposa wapi.

Nilimkuta Haruna uwanjani kwake Kiranjeranje ananoa jembe, mzee mfupi, mabega bado mapana. Nikasimama mbali kidogo, nikampa shikamoo ya adabu. Akaitikia marahaba bila kuacha kunoa. Nikasema mimi ni mwana wa marehemu Pazi, kutoka Kipatimu. Hapo akaacha. Alilaza jembe chini, akainua uso, na uso wote ukawa unangoja. Nikaendelea kwa Kiswahili cha kadi za harusi. Nikamwambia nimekuja mbele yake kwa heshima na taadhima, mzee wangu, kumwomba radhi kwa kuchelewa, na kumwomba kama itampendeza anipatie lile tangi, na akitaja bei yake nitashukuru.

Uso ulizimika nikiuona. Akaniambia hana tangi, na pengine nimekosea nyumba. Nikamsogezea sukari. Akairudisha kwangu kwa mkono mmoja, akamwita mkewe, akamwambia mgeni apewe maji ya kunywa kabla hajaondoka. Mama yule akaniletea maji bila kunitazama. Nikayanywa, nikashukuru, nikaomba ruhusa, nikapewa haraka.

Nilikuwa nimeshika usukani wa pikipiki yangu niondoke nilipotupa jicho mlangoni kwake. Mlango uko wazi. Ukutani, juu kabisa, kwenye msumari, limening'inia tangi jekundu. Najua wekundu ule. Najua na bonde lililoko ubavuni, lililopigwa na jiwe la Ngazi.

Moto ulinipanda kutoka miguuni. Nikaiachia pikipiki ikaanguka, nikarudi uwanjani na kanzu yangu nimeikusanya mkononi.

"Wewe Mngindo," nikasema, "mvi zote hizo na bado huoni haya kusema uongo mchana. Baba yangu amekulisha maisha yako yote. Amekufa, amelala sandani, na wewe ukaona bado hujashiba, ukaondoka na tangi lake. Watu wanakwenda msibani kuzika, wewe unakwenda kuiba. Mtumwa wetu mkubwa, na kosa letu ni kukuacha utembee bila kamba."

Kisha nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Mke wake alikuwa amesimama na kata mkononi. Nimemtukana mzee mkubwa kuliko baba yangu, nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Nilitamani ardhi inifiche.

Haruna akainuka polepole. Midomo ilikuwa inamcheza. Nikadhani atanilaani.

"Njoo usikie," akamwita mkewe, ingawa mkewe alikuwa pale pale. "Watu wa Pazi wamefika."

Na machozi yakawa yanamtoka, na anacheka, na anayafuta kwa kiganja chenye vumbi la jembe. Halafu akanigeukia, nami nikayapata yangu. Aliniuliza ni Mmatumbi gani anayekuja kwa mtani na kanzu, amedhani ni karani wa sensa. Akaniuliza hiyo sukari nimeiba kwa nani, maana kwetu sukari huonekana sikukuu tu. Akasema ameniona nikisimama kule mbali na shikamoo yangu, akajua Pazi amekwisha kabisa, hata kwenye damu ya watoto wake hayumo. Kisha akachukua ile sukari akampa mkewe, akamwambia achemshe chai nyingi, mtumwa wake ametoka mbali.

Akaliteremsha tangi mwenyewe, hakukubali nimsaidie. Mimi ni fundi, jambo la kwanza nikafungua kifuniko nikamulika ndani kwa simu. Tangi lililokaa miaka bila mafuta hushikwa na kutu mpaka likawa chujio. Hili lilikuwa safi, linang'aa. Nikamuuliza. Akasema kila masika alimimina oili kidogo ndani, akaligeuza huku na huku, kama alivyomwona Pazi akifanya. Alilitunza akingoja tuje, na kila mwaka hatukuja. Nililikumbatia lile tangi, na sikuona aibu.

Nikamuuliza kikombozi chake. Nikasema kama ni jogoo, nitampa jogoo. Akasema jogoo wa Mmatumbi ana mifupa mitupu, na kikombozi atakitaja Kipatimu mbele ya mjane. Basi akapanda nyuma yangu, tangi amelipakata, tukalala kwangu Nangurukuru, ambako yeye na Hafsa walinisema mpaka wakachoka. Kesho yake tukapanda milimani.

Hata hatujashuka vizuri Haruna akapaza sauti uwanjani kwa mama. "Mwanaheri, bado hujafa tu?"

"Nitakufaje," mama akajibu kutoka jikoni, "na mwizi wangu hajakamatwa?"

Alitoka, akamwona, akaliona tangi, akacheka. Mama yangu hacheki ovyo. Alicheka akashika nguzo ya banda, akajifuta kwa ncha ya ushungi, akacheka tena. Nilisimama pale kati yao nikasahau nilichotaka kufanya.

Tangi lilikaa mahali pake bila kulazimishwa. Nikachomeka mpira, nikatia petroli niliyochanganya na oili, nikapiga kiki. Pikipiki ikatoka stoo kwa magurudumu yake, ikinguruma taratibu, na mama akachukua ufagio akaingia kufagia pale ilipokuwa. Nikaielekeza Ngazi. Jiwe la kwanza nikapita, la pili nikapita, na pikipiki ilikuwa inapanda yenyewe, mimi nimesimama juu yake nimeshika pumzi. Katikati ya mwinuko gurudumu la nyuma likateleza, nikaweka mguu. Nikasikia Haruna kule chini akipiga kelele kwamba mguu umegusa. Nikaendelea. Ukagusa tena, akapiga kelele tena. Nilifika juu kisimani nimelowa jasho, moyo mweupe, sina ninachokitaka duniani.

Niliporudi nikamkuta amekaa kwenye gogo peke yake. Akaniambia nikae. Sauti ya utani ilikuwa imetoka.

"Pazi ndiye alikuwa aje anichezee mimi," akasema. "Amenitangulia. Watani wangu wengine wa huku wote wamekwisha, na vijana hawajui. Siku yangu ikifika watu watanizika kimya, wanisifu tu, kama mtu ambaye hakuwa na mwenziwe. Kikombozi changu ni hicho. Uje. Unitukane vizuri, na uchukue kitu."

Ningeweza kumwambia Mungu atampa umri mrefu, kama tunavyoambiana. Nikamtazama, nikaona si hilo anangoja.

"Nitachukua mlango," nikamwambia. "Nitaung'oa na bawaba zake, niubebe mgongoni mpaka Kipatimu. Wanao watalala wazi, mbuzi waingie ndani, mpaka waje kuukomboa."

Akafikiri.

"Wa mbele au wa uani?"

"Wa mbele."

"Wa mbele ni mninga," akasema, "mzito ule. Utafute mtu wa kukusaidia."

Akanipa mkono, nikaushika, na hakuuachia mapema. Kisha akainuka akaenda jikoni kumwambia mama kwamba mlango wake umeshapata mwizi, na kama ipo chai, atakunywa.